Pa Kuhifadhia Kazi Zako: Ununue Kipi Kwanza Hapa Tanga

Kama una hela ya kifaa kimoja tu, na laptopu yako bado inatumia hadi diski ya kuzunguka, nunua SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyo na kitu kinachozunguka. Hiyo ndiyo namba moja, na sioni inayoikaribia. Mwalimu wa Makorora anayetunga mitihani, karani wa wakala wa forodha pale bandarini, kijana wa Ngamiani anayehariri video za harusi: wote wanalalamika kuwa mashine inasuasua, kisha wanashauriwa wauze wanunue nyingine. Mara nyingi mashine haina tatizo, tatizo ni diski.

Hadi diski ya laptopu husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA, inayotumia njia ya zamani ya kuunganisha diski, hufika karibu 550, na zile nyembamba za NVMe, zinazotumia njia ya kasi zaidi, zinaweza kupita 3,000. Ila utakachokiona wewe ni kingine. Ndani ya hadi diski kuna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohamahama kutafuta vipande vya faili. SSD haina kinachozunguka, kwa hiyo kompyuta inawaka upesi na programu zinafunguka bila kukusubirisha. Kwa kazi za ofisi GB 256 zinatosha. Mhariri wa video asishuke chini ya 500. Kabla hujalipa, fundi aifungue laptopu aone inapokea ipi. Nafasi ya M.2, tundu la kuchomekea SSD nyembamba, inaweza kukuhadaa: kwa macho ni ileile, lakini baadhi hukubali SATA tu.

Siku hiyohiyo angalia ramu, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Ikiwa GB 4, ipandishe hadi 8 kama mfuko unaruhusu. Ramu haitunzi kazi yako, umeme ukikatika vilivyomo vyote vinaondoka, lakini ikiwa ndogo hata SSD itahangaika. Aina zake, DDR3, DDR4 na DDR5, haziingiliani, kila moja ina pengo lake mahali pake, kwa hiyo ichomoe ya zamani uende nayo dukani mkononi.

Namba mbili ni hadi diski ya nje, ya TB 1 au 2. Hapa wengi watanishangaa: kwa nini nisirudie SSD? Kwa sababu ya kutunza muda mrefu. SSD hushikilia data kwa chaji ya umeme ndani ya vijichumba vyake, na chaji hiyo huvuja polepole, haraka zaidi penye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kwa SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikishaandikwa hadi mwisho wa uwezo wake, ni kukaa na data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. Sasa fikiria kabati la chumba chenye bati mwezi wa pili hapa kwetu. Picha za familia na hati za kiwanja ziweke kwenye hadi diski, na nakala ya pili akae nayo ndugu yako Muheza au Korogwe. Anayeishi Raskazone au Pangani aifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana hewa ya chumvi inakula vyuma vya soketi. Na usiisogeze ikiwa inazunguka. Ikianguka wakati huo kichwa kinaweza kukwaruza sahani.

Namba tatu, memori kadi, na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Kuna kadi na flashi zilizochezewa ndani ili zijitangaze kuwa na TB 1 au 2 kwa bei ya chakula. Unanakili, majina ya mafaili yanaonekana yote, ukifungua video ya bibi harusi haichezi. Ukubwa halisi ulipokwisha, yaliyofuata yalipotea au yakaandikwa juu ya yale ya mwanzo. Kadi halali ya GB 64 kwenye Windows huonyesha karibu 59, na huo si wizi: kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Kuonyesha tu hakutoshi, lazima ijazwe. Programu ya bure ya H2testw huijaza kisha huisoma tena. Kwenye Linux na Mac ipo F3. Kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde, GB 64 huchukua karibu saa 2 kuandika tu, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema: “Kaka, naenda kuijaza nyumbani, ikiwa pungufu nairudisha. Niandikie kwenye risiti.” Akisita, nenda duka la pili. Mpiga video wa 4K atafute alama ya V30, inayoahidi kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka.

Flashi naiweka mwisho. Ni ya kubebea, si ya kuwekea. Inapita steshenari moja hadi nyingine ikizoa virusi, na ni rahisi kuisahau ikiwa imechomekwa. Chukua ya USB 3; ya USB 2 hukwama kwenye megabaiti 30 na kitu. Ikikataa video inayozidi GB 4 wakati nafasi ipo, imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani usiopokea faili kubwa kuliko hapo. Hamisha vilivyomo, kisha ifomati (uipange upya) kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho.

Diski za DVD msinunue tena. Moja ya kawaida hubeba GB 4.7 tu, na laptopu nyingi mpya hazina pa kuziingizia. Zile za harusi za zamani zilizoko kabatini zihamishieni kwenye hadi diski mapema, kabla mashine ya mwisho mtaani yenye kisomeo haijafa.