Semina ya wastaafu watarajiwa kwa madaktari: nendeni jamani

Aisee hii semina ni ya moto, nawaambia kabisa madaktari bingwa wenzangu mliokaribia 60 msiikose. Mtoa mada hakuleta porojo, alichukua kalamu akapiga hesabu ubaoni: mshahara 3,000,000 kwa mwezi, yaani milioni 36 kwa mwaka, mara miezi 360 kazini, gawanya kwa 580 (namba ya kikokotoo cha pensheni), toa mkupuo (hela unayolipwa kwa mara moja ukistaafu) wa 40% mara 12.5 (namba nyingine ya kikokotoo), unapata kama milioni 111 hivi na pensheni ya mwezi 1,117,000 hivi. Halafu akaongeza miaka mitano tu, mkupuo ukapanda hadi milioni 130. Ukumbi mzima kimyaaa.

Sisi madaktari bingwa serikalini kustaafu kwa hiari ni miaka 60 na kwa lazima ni 65, na kwa hesabu ile wengi wanabaki, ila wenye kliniki zao binafsi mtaani wanachukua chao mapema, na siwalaumu, zamu za usiku zinachosha mno. Ile mkupuo wa 33% ya 2022 ilituumiza sana, bora walivyopandisha.

Kilichoniboa ni muda wa maswali, dakika chache mno, na wajane wa watumishi walikuwa na mengi ya kuuliza. Waongeze siku ya pili.

Nyota nne.