Eti mikono yangu mizito: seti ya muhuri wa kucha niliyoletewa na bodaboda

“Mamii, hiyo seti haina shida. Mikono yako ndiyo mizito.”

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na dada aliyeniuzia, kwa ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti kuna mtu anacheka. Angeandika tu labda ningenyamaza. Kicheko kile ndicho kimenileta hapa.

Seti yenyewe mnaijua, imejaa Instagram: sahani ndogo ya chuma iliyochongwa michoro, muhuri wa silikoni, kadi ya kukwangulia, chupa ya rangi nyeupe na kijiti chenye vichwa viwili vya nukta. Shilingi 25,000, na bodaboda nimlipe mwenyewe.

Kabla hamjaniuliza kwa nini sikwenda saluni: mimi naswali. Rangi inazuia maji yasifike kwenye ukucha, udhu haukamiliki, kwa hiyo napaka zile siku zangu tu, basi. Nikalipie jeli inayokaa wiki mbili, ya kuja kuilowekea asetoni, kwa ajili ya siku chache? Nyumbani napaka kwanza gundi nyeupe ya watoto wa shule, naiacha ikauke mpaka isionekane, ndipo rangi inakuja juu. Ikifika siku ya kuoga napenyeza kijiti pembeni na rangi inabanduka ganda zima, asetoni siigusi. Ila ukiwa na rundo la nguo za kufua, sahau, maji yataiachisha mapema. Hiyo nawapa bure, maana yule dada angewauzia.

Sasa, kilichoninasa ni korosho. Kwenye picha ya tangazo kulikuwa na kucha nyekundu zenye korosho nyeupe, zile zile za kwenye kanga, zimekaa vizuri, na vinukta vyake vya ndani vinaonekana. Binamu yangu alikuwa na kicheni pati, sare yetu ilikuwa kanga ya korosho, na mimi nikashajiona naingia ukumbini vidole vinaoana na pindo.

Usiku wa kuamkia shughuli nikakaa chini. Kazi ya muhuri inataka haraka: unapaka rangi nzito juu ya mchoro, unakwangua mara moja kadi ikiwa imelala kidogo, unaviringisha muhuri juu ya sahani, unaugandamiza kwenye ukucha ambao rangi yake ya chini imeshakauka. Yote hayo ndani ya sekunde chache, kwa sababu ile rangi iliyobaki kwenye mifereji ni nyembamba mno na inakauka unaitazama. Ndiyo maana lazima uzime feni. Dar es Salaam, msimu wa joto, feni imezimwa, jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi, na kinachotoka kwenye muhuri ni nini? Mkia wa korosho. Nukta mbili. Kipande cha mzingo. Kama muhuri wa serikali ya mtaa uliokauka wino.

Nikarudia. Nikasafisha sahani kwa asetoni, nikaikausha. Muhuri nikausafisha kwa selotepu, kwa sababu silikoni ukiipaka asetoni inaweza kuharibika. Nikakwangua taratibu, nikakwangua haraka, nikabadilisha hata rangi, nikatumia yangu ya siku zote iliyo nzito kuliko ile nyeupe yao inayotiririka. Mkia wa korosho. Mume wangu akapita, akaangalia, akasema “mbona nzuri tu”. Mwanaume huyu hata nikipaka lami atasema nzuri.

Asubuhi nikamtumia muuzaji video, kwa adabu zote, na “samahani mpenzi kwa usumbufu” juu. Ndiyo nikajibiwa hayo ya mikono.

Mikono mizito! Mimi nachambua mchele wa shughuli nzima usiku na jiwe halipiti. Mimi natia uzi kwenye sindano ya cherehani bila miwani. Mikono mizito nimeitolea wapi?

Lakini sikutaka kumjibu kwa hasira bila ushahidi. Wifi yangu anafanya saluni Magomeni, nikampelekea kila kitu. Hakupaka hata rangi. Alichofanya ni kupitisha ncha ya ukucha wake juu ya mchoro wa korosho, halafu akaupitisha juu ya sahani yake ya zamani iliyoanza kupoteza mng'aro. Ya kwake ukucha ulikuwa unakwama kwenye kila mstari, unasikia kabisa. Ya kwangu ulipita ukiteleza. Michoro haikuchongwa, imekwaruzwa tu juu juu, mfereji hauna kina cha kushika rangi. Kisha tukachukua muhuri wangu na ile sahani yake kuukuu, nikapiga mwenyewe, kwa mikono yangu hii mizito, na ua zima likatua kwenye kidole gumba bila kukatika hata mstari.

Nikarekodi. Nikatuma. Alama mbili za bluu. Baada ya muda picha yake ikapotea, kumbe kanibloku. Tangazo la korosho bado liko, mimi nalionea kwenye simu ya mdogo wangu, na kule kwenye maoni watu wanaandika “bei gani mpenzi”.

Hapa ndipo naanza kujichanganya, mnivumilie. Maana ule muhuri, kama muhuri, ni mzuri. Ni wa silikoni angavu, unaona ukucha upande wa pili, kwa hiyo huwezi kupiga ua likaenda kukaa kwenye nyama. Wifi aliutamani waziwazi, na huyo ni mtu wa kazi. Kule saluni yeye anao wa rangi ya maziwa, anabahatisha. Kwa muhuri peke yake ningesema hela yangu haikwenda yote.

Na kijiti. Kijiti ndicho kilichoniokoa na aibu ya kicheni pati. Wale vijana wanaopita mitaani na beseni na chupa zao za rangi, wanaosugua miguu na kuchora maua kwa buku mbili, mmewahi kuwaangalia mikono? Wanaweka nukta tano za duara juu ya rangi ambayo bado mbichi, halafu kwa ncha ya pini wanavuta kila nukta kuelekea katikati. Petali hizo. Nukta moja ya njano pale kati, ua limekwisha. Basi nikafanya hivyo kwa kichwa kidogo cha kile kijiti na pini ya ushungi. Kwenye kidole cha pete nikavuta nukta moja kubwa ikapinda mkia, ikawa korosho! Haikuwa sawasawa na ya kanga, ilinenepa upande mmoja, lakini ilikuwa korosho na watu waliiona. Shangazi wa bibi harusi aliniuliza nimechorwa wapi.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota tatu. Muhuri nyota, kijiti nyota, na moja ya huruma.

Halafu nimeisikiliza tena ile sauti. Sasa nasikia kwamba yule anayecheka nyuma anasema kitu, anasema “mwambie akanunue za kubandika”. Hapana. Huruma nimeiondoa. Na kijiti, nikifikiri vizuri, kingeweza kuwa kijiti cha meno, au kichwa cha pini hiyo hiyo. Muhuri ubaki na nyota yake moja kwa sababu haukunitukana.

Kama bado mnazitaka hizi seti, nendeni Kariakoo kwa miguu yenu, mwombeni muuzaji afungue pakiti. Sahani nyingi zina ngozi nyembamba ya plastiki juu, mara nyingi ya bluu, hiyo itolewe kwanza, kisha pitisheni ncha ya ukucha juu ya mchoro. Ukikwama, lipa. Ukiteleza, au muuzaji akikwambia “usikwaruze mamii, utaharibu”, mrudishie hapo hapo na usimwachie hata namba ya simu.