Kumshtaki kiongozi bungeni au kumpigia kura ya kutokuwa na imani: ipi bora?

Mashtaka ya bungeni yanahitaji kosa. Njia hii ilianzia Uingereza mwaka 1376, kisha Marekani ikaiweka kwenye katiba: Baraza la Wawakilishi hushtaki, Seneti huhukumu kwa theluthi mbili. Kuzipata kura hizo ni kazi kweli. Rais Andrew Johnson alinusurika mwaka 1868 kwa kura moja tu, na hakuna rais wa huko aliyewahi kung'olewa hivyo. Nchini Korea Kusini, neno la mwisho ni la Mahakama ya Katiba, iliyomwondoa Rais Park Geun-hye mwaka 2017, miezi mitatu baada ya bunge kumshtaki.

Kura ya kutokuwa na imani haihitaji kosa. Kwa kasi, inashinda bila ubishi: serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, James Callaghan, iliangushwa usiku mmoja mwaka 1979, kura 311 kwa 310. Ila inaweza kuacha pengo, ndiyo maana Ujerumani huwataka wabunge wamchague mrithi papo hapo, kama walivyomchagua Helmut Kohl kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, mwaka 1982.

Kama rais wenu huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kumwondoa kwa kuwa tu wabunge wamemchoka ni kupora kura za wananchi. Afadhali mashtaka, pamoja na ugumu wake. Waziri mkuu anayetegemea wabunge? Waliompa kiti wana haki ya kukichukua.