Chokaa ya mfuko ya madukani Dodoma: nyota nne kwa kuta za udongo

Chokaa ya mifuko inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dodoma mjini hununuliwa zaidi na wapaka kuta na wafuga kuku. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: kupiga lipu tembe za zamani za Ugogo (nyumba za udongo zenye paa bapa) na nyumba za tofali mbichi ambazo mwenyewe ameamua kuzikarabati badala ya kuzibomoa. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imepotelea dukani.

Chokaa iliyokaa sana kwenye mfuko uliotoboka hunywa hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe la unga. Bado ni nyeupe, ila haishiki tena. Chukua kijiko kimoja, dondoshea siki: povu jingi maana yake imekufa, chokaa hai hutoa povu kidogo tu. Muuzaji akikataa mfuko usifunguliwe, bonyeza kona zake. Ukikuta madonge magumu, mwachie.

Mafundi wengi watakwambia upige saruji yaishe. Wamisri wameshalipia somo hilo. Maji ya ardhini hupanda ukutani yakiwa na chumvi; uso ukiwa unapumua, maji hukauka nje na chumvi unaifagia. Ukiuziba kwa saruji, chumvi huganda nyuma yake na kuubandua uso wa ukuta. Sphinx, sanamu kubwa ya jiwe iliyoko mji wa Giza, ilikarabatiwa kwa saruji miaka ya 1980, kisha ikabidi saruji hiyo ing'olewe. Huko Abydos, kusini mwa Misri, wamekwenda njia nyingine: Shunet el-Zebib, boma la tofali mbichi la mfalme Khasekhemwy lenye umri wa miaka kama 4,700, limezibwa mapengo kwa tofali mbichi mpya. Nasi tusijione tuko mbali na chumvi. Nyanda za Bahi, hapa hapa mkoani Dodoma, ndiko Wagogo walikotoa chumvi yao tangu zamani.

Chokaa haitumiki siku ile ile inayonunuliwa. Weka maji kwenye pipa kwanza, ndipo umimine unga huku ukikoroga, hadi maji yabaki juu yake kina cha vidole viwili. Funika wiki mbili. Mwezi ni bora zaidi. Ikiiva hung'ang'ania mwiko kama siagi. Vaa glavu na miwani, maana inaunguza macho.

Mashimo ya ukutani usiyajaze chokaa. Yajaze udongo wa aina ile ile ya ukuta, uliokandwa na makapi ya mtama, yakauke kabisa. Kisha kwaruza, piga brashi vumbi, nyunyiza maji. Changanya ndoo 1 ya chokaa iliyoiva na ndoo 3 za mchanga mkali wa korongo. Mchanga upime kwenye chupa ya maji: tikisa, acha saa moja, na tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, uoshe. Tabaka liwe milimita 8 hadi 10, la pili lifuate baada ya wiki. Ukipiga nene kwa mkupuo mmoja litapasuka tu.

Kinachowaangusha wengi hapa Dodoma ni upepo wa Juni hadi Agosti. Ikiwa ukutani, chokaa hushika kwa kunywa hewa ukaa ile ile inayoiua mfukoni, na haiwezi kuinywa vizuri ikiwa imekauka. Ikikaushwa mapema, ukipitisha kiganja unaondoka na unga. Piga lipu mvua zinapokatika, mwishoni mwa Aprili au Mei, na utundike magunia yaliyolowa mbele ya ukuta kwa siku tano.

Kwa paa bapa la tembe hatuipi hata nyota moja. Miti ya paa hucheza, chokaa hupasuka, maji hupenya. Huko juu endelea na udongo, ukiurudishia kila mwaka kabla ya mvua za Desemba.