Fundi wa Ngamiani anayeanza kutazama nguo upande wa ndani

Bibi mzaa mama alituachia kasha la mvule, na ndani yake nguo ambazo hakuna aliyezigusa tangu tumzike. Mdogo wangu alipochumbiwa, sisi dada zake watatu tulikubaliana kuingia harusini na mishono ya zamani, kila mmoja na enzi yake. Nikafungua kasha nichague. Nilitoa nguo nne, nikaongeza moja yangu ya mwaka jana, nikazifunga kwenye kanga, nikaziweka kwenye keria ya baiskeli na kushika njia ya Ngamiani, hapa mjini Tanga.

Fundi niliyeelekezwa yuko kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, si mbali na soko, barazani kwa nyumba ya zamani. Ana cherehani mbili: Singer nyeusi ya miguu anayoshonea mwenyewe, na ya ovaroki anayoshika kijana wake. Bango hana. Chumba cha kujaribia ni kona iliyozibwa kwa kanga mbili. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikajua atatazama mitindo. Yeye akazigeuza nguo zote ndani nje, akavaa miwani, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye mishono.

"Mwanangu, kwa nje kila nguo nzuri," aliniambia. "Hebu tuone ndani pana nini."

Kisutu cha bibi, ambacho ni aina ya kanga, hakikuwa na cha kugeuzwa. Ni doti nzima, nyekundu, nyeusi na nyeupe, haijawahi kukatwa. Fundi aliikunja akanirudishia kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa na nia hiyohiyo. Pwani hii wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki na merikani, nguo walizovalishwa za kazi na unyonge, wakajitanda kanga za rangi. Nguo yenye habari hiyo siipelekei mkasi. Nilijifunga usiku wa hina, nikairudisha kashani.

Suruali ya bugaluu ya mjomba, ya mwaka 1973, ilimchukua fundi muda mfupi. Mapaja yanabana, chini inafagia, na kitambaa ni tetroni: ukiishika dakika mbili kiganja kinalowa. Picha ya mjomba akiwa nayo na viatu vya raizoni ninaipenda sana. Miaka ile mavazi yalikuwa jambo la taifa. Mama alikuwa na miaka kumi na minne Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, Oktoba 1968, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita. Mama anakumbuka kina dada wa mtaani wakishusha mapindo usiku kwa taa ya chemli. Lakini tetroni na jua la Tanga haviivi chungu kimoja, na harusi yetu ilikuwa mchana.

Gauni la kitenge la mama, la 1986, lina mikono ya puto na marinda kifuani. Kwa nje nililiona limejaa mno, mabega yanamtangulia mtu. Fundi alipoligeuza akaniita nisogee. Mkono wa kushoto umeungwa kwa vipande vitatu, kimoja hakizidi kiganja, na aliyeunga amehakikisha maua yanakutana. "Huyu alikuwa hodari, kitambaa ndicho hakikumtosha." Nilipomuuliza mama jioni, akaniambia kitenge kile alikipangia foleni tangu alfajiri, akapata pungufu. Tangu siku hiyo siyasemi vibaya mabega yale.

Ya kwangu ilikuwa mshono wa nguva, kubana mpaka magotini halafu inafunguka. Niliishonesha kwa fundi mwingine, ufundi peke yake shilingi 70,000, na siku ya sherehe watu waliisifu. Ndani, kitambaa kimekatwa karibu na uzi, nusu sentimita haifiki, ovaroki imekula kilichobaki. Nimeongezeka kidogo tangu mwaka jana na hakuna pa kufumua. Tena na nguva hupandi baiskeli. Katika mji huu, ambamo mama wa miaka sitini anaendesha kwenda sokoni na kurudi na kikapu, nguo inayokunyima baiskeli imekunyima nusu ya siku yako.

Sasa gauni la bibi. Alilishona kwa ajili ya sherehe za Uhuru, Desemba 1961: poplini ya bluu yenye maua meupe madogo, kola ndogo, vifungo mbele mpaka kiunoni, mikono mifupi, halafu sketi pana. Umbo ni lile alilolitoa Christian Dior kule Paris mwaka 1947, kiuno chembamba na sketi ya kumwagika, ila bibi alilivaa kwa pamba nyepesi na gagulo alilolitia wanga wa muhogo. Chini ya kila mkono kuna kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne, ndiyo maana unainua mikono mpaka juu na kiuno hakipandi. Pindo ni la inchi nne. Ubavuni kumeachwa akiba ya inchi moja na nusu kila upande, na ndani ya akiba fundi akanionyesha mistari ya matundu ya sindano, mahali uzi ulipokuwa ukafumuliwa. Bibi alilipanua mara moja na kulirudisha mara moja. Mama akakumbuka: mama mdogo alizaliwa 1963. Gauni lilikwenda naye kwenye mimba, likarudi naye.

Hapo nikaacha kutafuta. Kwangu mimi gauni la Uhuru linashinda mengine yote, kwa sababu aliyelikata alijua kwamba mwanamke atabadilika na bado atataka kulivaa.

Fundi alilinakili bila kulifumua hata uzi mmoja, kwa utepe na karatasi za gazeti. Nilinunua poplini mita nne na nusu kwa 6,000 kila mita, jumla 27,000. Ufundi 40,000, pamoja na bitana ya kifuani. Gagulo 12,000. Kabla ya kutia cherehani alipiga bandi kwa mkono na uzi mweupe, nikajaribu. Akaniambia nikae kwenye kigoda, niiname, ninyooshe mikono kama nachukua kitu kabatini. Siku ya pili ya kujaribu akanituma nipande baiskeli mpaka kona na kurudi, yeye amesimama mlangoni anatazama sketi. Akapunguza upana kidogo kwa nyuma isiingie kwenye mnyororo. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kunifanyia hivyo.

Lakini ahadi yake ilinitesa. Aliniambia Jumatano, nikaipata Jumamosi jioni, harusi ni Jumapili. Ncha moja ya kola ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Alipoiona mwenyewe aliifumua palepale bila kuambiwa, ila saa moja ikaenda. Kifungo kimoja alichokifunika kwa kitambaa kililegea kabla ya chakula. Risiti hana, anaandika daftarini, basi weka kumbukumbu zako. Ukiwa na shughuli, mpe wiki tatu na umpitie katikati. Ukiwa na haraka ya siku nne, usiende kwake.

Harusini Chumbageni nilicheza mpaka magharibi na kiuno cha gauni kilibaki mahali pake. Mama alinishika ubavuni, akaibonyeza akiba kwa vidole, akanyamaza kwa muda. Kisha akaniambia nimpeleke kwa huyo fundi.

Tulikwenda Jumatatu. Gauni lake la kitenge liko kule sasa, linapunguzwa mabega. Amemwomba yale maungio matatu ya mkono wa kushoto asiyaguse.