Fudi prosesa: tazama kimeno kwanza, mengine baadaye

Kimeno cha fudi prosesa yangu, mashine ya kukatakata vyakula, kilikatika saa tano na nusu asubuhi, siku ambayo chama kilikuwa kwangu hapa Mamboleo. Vitunguu vya kachumbari ya watu kumi na wanane nilikuwa nimeshamenya. Nikajaza bakuli, nikafunika, nikazungusha kifuniko kijifunge. Tak! Kipande cha plastiki kidogo kama ukucha kikaanguka sakafuni, na tangu saa hiyo mashine haijanguruma tena. Mota ni nzima, visu bado vikali, waya hauna neno. Nilikuwa nimekaa nayo miezi saba, na niliitoa dukani kwa shilingi 11,500.

Chapa yake siitaji. Ila kile kipande nitakisema mpaka mchoke.

Karibu kila fudi prosesa ya nyumbani, ile yenye bakuli na kifuniko cha kuzungusha, ina kimeno kwenye ukingo wa kifuniko. Ukifunga, kimeno kinaingia kwenye mkono wa bakuli na kusukuma kijiti chenye springi, kijiti nacho kinabonyeza swichi iliyojificha kwenye kitako. Kimeno kisipofika, hakuna umeme unaokwenda kwa mota. Na ni vizuri iwe hivyo, maana visu vile havijui karoti ni ipi na kidole ni kipi. Ubaya ni kwamba uhai wa mashine nzima umetundikwa kwenye plastiki nyembamba, kisha ukiuliza kifuniko peke yake wanakutazama kama umeitisha maziwa ya kuku.

Nilimpelekea fundi mmoja Kondele. Alifungua kitako, akaona swichi, akacheka. Akaokota patipati kuukuu chini ya meza, akakata kipande kama kete ya drafti, akataka kukikandamiza juu ya swichi ibaki imebonyea daima. "Mathe, hii sasa itawaka hata bila kifuniko." Nikamwambia ndicho ninachokiogopa. Nina mjukuu wa miaka minne ambaye hakuna kitufe asichokijua nyumba hii. Nikamlipa mia mbili zake za kufungua, nikapanda bodaboda na mzigo wangu.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue ipi, sitakuambia habari za rangi wala idadi ya spidi. Utatumia mbili tu, na ile ya kubonyeza na kuachia.

Wati nazo zisikutishe. Kuna mashine zimeandikwa wati 4500 kwenye boksi kwa maandishi makubwa kama ya hoteli. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi, na kubwa yake ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 240 upate wati 3,120. Zilizobaki zinapitia wapi, dirishani? Anayeweza kudanganya kwenye boksi hivyo, sitarajii amejali kimeno.

Fanya hivi dukani. Omba itolewe kwenye boksi, hata muuzaji akinuna. Vua kifuniko, tafuta kimeno, kisukume kwa kidole gumba, taratibu. Kikipinda kama kadi ya simu, rudisha. Tazama kinapoungana na kifuniko: kizuri kina shina nene, au kimezungukwa na plastiki nyingine ya kukikinga kifuniko kikianguka kwenye sinki. Kibaya kinaning'inia peke yake kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Halafu funga na kufungua mara kumi. Ikibidi utumie mikono miwili na kukaza meno, ujue siku moja kitu kitakatika, na hautakuwa mkono wako. Mwisho uliza, "Kifuniko peke yake mnauza?" Ukiambiwa "hiyo haiharibiki, mama," toka nje.

Mimi ni mtu wa Kenwood, wala sifichi. Kampuni ilianzishwa Uingereza mwaka 1947 na Kenneth Wood, ndipo jina likatoka. Kimeno chake nacho huvunjika, nisikudanganye. Lakini namba ya modeli imeandikwa chini ya kitako, na kwa namba hiyo unaweza kuagiza kifuniko au bakuli bila kununua mashine nyingine. Hilo tu linatosha kuiweka ya kwanza kwangu. Nimekaa kwa dada yangu Nakuru nikaitumia yake: kabeji ya harusi, karoti, unga wa chapati unaoshikana kabla hujamaliza kutafuta kitambaa cha kuufunika. Njugu za kusaga inaziweza pia, mradi uipumzishe kila mara na usiijaze.

Ya pili ni Magimix ya Ufaransa, kama pesa zako hazikuumizi. Mota yake inapewa waranti ya miaka 30, na haipigi kelele za kuamsha jirani. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei peke yake, na mwenye nazo aniruke.

Ya tatu ni Ramtons au Von. Hizi ni chapa za hapa kwetu Kenya, kwa hiyo angalau unajua ofisi ya kwenda kulalamikia iko nchi gani. Kimeno kikague modeli kwa modeli.

Zile za elfu tatu zilizopangwa kando ya barabara: nunua kisu kizuri.

Na binamu akikuletea moja kutoka Marekani, mshukuru, kisha usome kibandiko kabla ya kuchomeka. Kule umeme wao ni volti 120. Ukichomeka hapa, utanusa moshi kabla ya kuonja kachumbari.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawasemi: usiinunue kwa ajili ya sukuma wiki. Visu vinaiponda inatoa maji, unabaki na kitu kama dawa ya mbuzi. Sukuma ni mkono na kisu, hata mwaka 2050.

Nirudi kwa muuzaji wangu, maana hasira haijaisha. Nilipomrudia na kimeno kwenye karatasi, alisema waranti ni ya mota, kifuniko "ni matumizi." Akanionyesha risiti, chini kabisa, kwa wino unaofifia: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nikamuuliza kama huo mstari unashinda kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Akamwita kijana wa stoo aje anisikilize yeye. Kijana wa watu alinisikiliza vizuri, na mwisho akaninong'oneza, "Mama, mwezi huu wewe ni wa nne na hicho kifuniko."

Wa nne! Na zingali zimepangwa pale mbele, zimeandikwa ofa.

Kama tayari unayo nyumbani, kimeno kiokoe hivi. Usiihifadhi ikiwa imefungwa, kwa sababu springi inakisukuma usiku kucha. Weka kifuniko kimelala juu ya bakuli bila kukizungusha. Safisha mfereji wa mkono wa bakuli kwa mswaki wa zamani, maana kitunguu na njugu hukaukia mle, siku inayofuata unalazimisha na kimeno ndicho kinacholipia. Maji ya kuchemka usikimwagie.

Yangu iko juu ya kabati. Bakuli nimelitoa, linatunza omena kavu, na linafunikwa na sahani.