Makita 9237CB badala ya polisezi iliyochoka: inafaa garaji za Lubumbashi?

Kwa tolie (fundi wa bodi za magari) wa Lubumbashi anayeng'arisha magari mawili matatu kwa juma, Makita 9237CB ndiyo mashine ya kununua polisezi (mashine ya kung'arisha rangi ya gari) ya zamani inapofika mwisho. Tunaipendekeza kwa masharti mawili: iwe ya 220 V yenye mhimili wa M14 (uzi wa milimita 14), na iwe Makita kweli, si nyingine iliyovalishwa rangi yake.

Kabla ya kutoa pesa, fungua kwanza ile ya zamani. Cheche nyingi ndani ya matundu ya hewa na nguvu inayokatika-katika mara nyingi ni makaa ya mota, yale mafundi huyaita sharbo. Vifuniko vyake viwili viko ubavuni na hufunguka kwa bisibisi bapa. Yakiwa yamefika mstari wa kikomo, badilisha yote mawili kwa pamoja. Waya uliokatika pale unapoingia kwenye mpini ni kazi ndogo, na rulema (beringi) inayolia hubadilishwa bila kununua mashine nyingine. Kinachoamua ni rota, sehemu ya mota inayozunguka. Tazama kolekta yake, mviringo wa shaba unaoguswa na makaa: rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa si ugonjwa, lakini vipande viwili vitatu vikiwa vimeungua vyeusi na vingine ni visafi, nyaya za ndani zimekatika au zimegusana. Rota hubobinwa upya (hufungwa nyaya mpya), ni kweli, ila ikirudi bila kusawazishwa vizuri hutetemeka, na mtetemo huo huzila rulema mpya ulizotoka kuzinunua. Kisha chomoa plagi, shika sahani inayobeba pedi na uitikise. Mhimili ukicheza na gia zikinguruma pamoja, mara nyingi mashine hiyo haifai tena kutengenezwa.

Sasa Makita yenyewe. Ina wati 1,200, mizunguko 600 hadi 3,200 kwa dakika, sahani ya milimita 180 na uzito wa takriban kilo 3. Wauzaji hutangulia kutaja wati, na kuna mashine za bei ya chini zinazoandikwa wati nyingi kuliko hizo. Tofauti kubwa iko kwenye elektroniki inayoshikilia mwendo. Ukiikandamiza kwenye boneti, mzunguko haushuki. Ukiinua mkono, haurukii juu. Mashine isiyo na uwezo huo humdanganya fundi: inapokandamizwa inalegea, fundi anaongeza mwendo, akifika ukingo wa mlango mzigo unapungua, pedi inashika kasi na verni (tabaka angavu la juu ya rangi) inaungua hapo hapo. Faida ya pili ni kwamba huanza polepole, hivyo polishi haitapakai hadi kwenye vioo na nguo.

Kasi ya mashine za namna hii inastahili kuheshimiwa. Pedi ya milimita 180 kwenye mizunguko 1,500 inaisugua rangi ukingoni kwa mita 14 kila sekunde. Kwenye 3,000 ni mita 28, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Verni nyingi zina unene wa maikroni 40 hadi 50 tu. Kwa hiyo sambaza polishi kwa 600, fanya kazi ya kukata alama za msasa kati ya 1,200 na 1,500, malizia kwa pedi laini ya sponji karibu na 1,000. Zile 3,200 zisahau kwenye karosri (bodi ya gari). Msasa uwe umefika daraja la P2000, na P3000, ulio laini zaidi, ni bora zaidi, kwa sababu kila alama utakayoiachia mashine iifute italipwa kwa joto. Chukua eneo la sentimita 50 kwa 50, matone manne matano ya polishi, na ufunike kingo kwa utepe. Verni mpya ya kuchanganya na kikausho ipewe angalau saa 24. Kwenye baridi ya Juni na Julai iongezee muda, kwani ikipolishiwa ingali laini hung'aa leo na kufifia baada ya siku chache.

Mapungufu yapo. Kilo 3 si kitu juu ya boneti, ila kwenye ubavu wa Prado mabega yatalalamika. Sahani ya 180 haiingii kwenye bampa wala karibu na vioo vya pembeni, kwa hiyo ongeza ya 125 tangu siku ya kwanza. Na kama polisezi zote za mzunguko, ikitumiwa na pedi ya sufu pekee huacha michirizi ya duara inayoonekana juani kwenye rangi nyeusi. Anayejifunza atakuwa salama zaidi na mashine ya mzunguko-tikiso, ambayo pedi yake huzunguka huku ikitikisika, lakini hiyo hukawia sana kuondoa alama za msasa. Haichukui nafasi ya hii garajini.

Mtego mkubwa uko kwenye mashine za mitumba. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za 120 V, na mhimili wake ni wa inchi 5/8, yaani karibu milimita 16. Ukiichomeka kwenye 220 V inaungua kabla hujaijaribu. Ukitaka kuitumia kwa transfo (kifaa cha kushusha volti), tafuta isiyopungua VA (volti-ampea) 2,000, maana mashine inavuta ampea 10. Hatari zaidi ni sahani: ya M14 haitaingia kwenye mhimili wa 5/8, lakini ya 5/8 inaweza kukaa kwa ulegevu kwenye M14 na ikaruka kazini. Sahani lazima iingie kwa mkono, izunguke vizuri hadi mwisho, isicheze.

Mashine ya kukatia chuma nayo mara nyingi ina mhimili wa M14, ndiyo maana wengine huifungia pedi ya sufu kuokoa pesa. Inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Usiisogeze karibu na rangi kabisa.

Kwenye mwili wa Makita, soma kibao: 220 V au 220-240 V, 50 Hz, jina la modeli na namba ya mashine, vyote viwe vimechapwa safi. Omba uiwashe dukani; wakikataa, zungusha mhimili kwa mkono: gia zisikwaruze.

Umeme ukishuka, elektroniki itajitahidi kushika mwendo na mota itapata moto. Ukiona kasi inayumba, pumzika. Kwa rolonji (waya wa kurefusha) ya mita 50 tumia waya wa milimita mraba 2.5, uukunjue wote, kwa kuwa uliozungushwa kwenye roli huchemka. Jenereta ya kVA 2.5 hadi 3 inatosha.

Vumbi jekundu la kiangazi ndilo adui wa kila siku. Likichanganyika na unga wa polishi huziba matundu ya hewa. Kila jioni pulizia kwa kompresa, mashine ikizunguka polepole bila mzigo, baada ya kutoa maji kwenye tangi la kompresa. Vaa miwani. Na nunua jozi ya makaa halisi ya akiba siku ile ile ya mashine. Makaa ya mota nyingine yaliyochongwa kwa msasa hadi yakaingia huenda yakawa magumu kupita kiasi, na kaa gumu huchimba kolekta. Hapo hakuna tena cha kubadilisha isipokuwa rota nzima.